Ndege Waliolala Kwenye Mikindu ya Bi Mwanaidi

Tangu nirudi Mkongo, kila ninayekutana naye ananiuliza habari za safari kwa namna yake. Mmoja anataka kujua ndege walikuwa ndege gani. Mwingine amesikia kwamba nilikwama kwenye tope na nahodha akala chapati zangu. Na ninyi wenye simu kubwa mnauliza imewezekanaje kamera kama hii yangu, ambayo mlango wa betri nimeufunga kwa mpira wa nywele, imkamate ndege mdogo akiwa hewani. Nimeona niandike mara moja kwa wote. Penye jambo la kujifunza nitasimama kidogo nieleze, kwa sababu nilichofanya mimi nanyi mnakiweza.

## Mkongo: alichonituma Zuhura

Zuhura mnamjua, ndiye tunayefundisha naye darasa la tano. Wakati huo alikuwa na mtoto wa wiki tatu na hawezi kusafiri. Mama yake, Bi Mwanaidi, analima mpunga kule Maparoni, ndani ya delta. Pembeni ya shamba lake kuna kichaka kikubwa cha matete na mikindu. Kichaka ni chake. Ukindu anaokata humo ndio anaosukia mikeka, na mikeka hiyo ndiyo iliyomsomesha Zuhura mpaka akawa mwalimu.

Sasa kila jioni kundi kubwa la ndege lilikuwa linakuja kulala kwenye kichaka hicho. Jirani yake, Mzee Athumani, alisema ni kwelea kwelea, na mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa. Mzee hakuwa anazua. Mwaka juzi kwelea walilala kweli humo humo, wakamaliza shamba lake kabla hajanoa mundu. Bi Mwanaidi alisema hawa wa sasa si kwelea, ni mbayuwayu, hawagusi punje. Kijiji kikagawanyika. Waliokwenda na simu walirudi na picha za vidoti, kama pilipili manga iliyomwagika kwenye shuka. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji akaamua: ikifika Ijumaa baada ya swala na hakuna mtu aliyeonyesha kuwa hao si kwelea, kichaka kinafyekwa na kuchomwa moto.

"Shoga, wewe ndiye unayepiga ndege wanaoruka," Zuhura aliniambia. "Nenda kanipigie hao."

"Na wakiwa kwelea?"

Akamhamishia mtoto ziwa la pili. "Ukiona kwelea, sema kwelea. Mama hapendi kuongopewa hata kwa kumfurahisha. Lakini nenda wewe. Wenye simu wamekwisha kwenda."

Akanipa doti ya khanga na dawa ya kuchua magoti nimpelekee mama yake. Hayo ndiyo niliyoyabeba, pamoja na kamera.

## Mkongo hadi Kibiti: mwewe juu ya supu

Niliondoka Jumanne ya likizo, katikati ya masika. Hatujafika mbali, lori la mbao likawa limekingama barabarani, mbele limezama na nyuma limezama. Abiria tulishuka. Wanaume walitoa ushauri kwa muda mrefu, kila mmoja wa kwake, mpaka dereva wa lori akasema, "Jamani, ushauri umetosha, sasa tupate mabega." Tukasukuma. Nilipofika Kibiti ilikuwa saa tisa, nina njaa, na sketi imepata rangi ya barabara.

Karibu na stendi kuna mama ntilie anayepika supu ya utumbo. Nilikaa, nikaagiza, na hapo nikawaona mwewe watatu wakizunguka juu ya bati lake. Nikatoa kamera. Mwewe ni ndege mzuri wa kuanzia. Ni mkubwa, haendi kwa pupa, na akizunguka unajua atarudi palepale.

"Dada, unapiga nini juu ya bati langu?" mama aliuliza.

"Mwewe, mama."

"Mwewe." Akawatazama wateja wengine, nao wakamtazama. "Kama ni mambo ya barabara kupanuliwa sema tu, hatutakufukuza. Na kama mnapiga picha za majengo ya kulipwa fidia, choo changu kiko kule nyuma, nacho kiingie."

Nikamwita aje aone. Kwa bahati mbaya picha ya kwanza ilikuwa ya mbingu tupu. Ya pili nayo mbingu, na pembeni ncha ya unyoya mmoja.

"Mwewe yuko wapi? Mimi naona mawingu. Haya, choo kipige, kile hakiruki."

Wateja walicheka, nami nikacheka, kisha nikamweleza ninachowaeleza ninyi sasa. Kamera ya bei nafuu ukiibonyeza hufikiri kwanza. Inatafuta umbali, inapima mwanga, ndipo inapiga, na ndege hawezi kuingoja. Lakini kitufe chake kina hatua mbili. Kibonyeze nusu, na kimraba kwenye kioo kitageuka kijani. Hapo imeshafikiri. Usiachie kidole. Ndege akiingia, malizia ile nusu iliyobaki, nayo itapiga papo hapo. Watu wengi wana kamera hizi miaka mitano na hawajui kuwa kitufe kina nusu.

Nilijaribu tena kwa kumfuata mwewe polepole kwa mwili mzima, kiuno kikigeuka na mikono imetulia. Safari hii alikuwemo, mabawa yote mawili, na kwenye kucha ameshika kipande cha utumbo.

Mama aliikazia macho ile picha. "Kumbe ndiye huyu. Mimi siku zote namlaumu paka." Akaniongezea supu bila kuulizwa. Nililala Kibiti usiku huo nikiwa na uhakika kuwa kazi hii naiweza.

## Ruaruke, na kungoja maji yarudi

Asubuhi nilipanda pikipiki hadi Ruaruke na kuendelea mpaka mahali boti zinapofunga. Dereva alikuwa mtaratibu. Kila dimbwi alisimama, akalitazama, akaniambia, "Mwalimu, hili ni la kupita," au, "Hili ni la kushuka." Tulishuka mengi. Viatu vyangu vilisafiri vikining'inia shingoni mwake.

Boti ilikuwa ya nahodha aitwaye Kassimu, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo na mashine yenye sauti kubwa. Ilikuwa imebeba saruji, sukari, na abiria sita. Mimi nilikuwa na mfuko wa chapati nilizonunua Kibiti, na kwa kuogopa zisilowe nikauweka mahali pakavu kabisa, kwenye ubao ulio karibu na mashine.

Tulikwenda vizuri kwa saa moja. Kisha mkondo ukaanza kupungua, boti ikagusa tope, ikaserereka, ikasimama. Kassimu akazima mashine.

"Maji yameondoka," alisema.

"Yatarudi lini?"

"Yakimaliza yanakokwenda. Hayana kwingine."

Nilipogeuka kutafuta chapati, Kassimu alikuwa anakula ya nne na amewagawia wengine. Nikamwangalia. Naye akaniona ninavyomwangalia.

"Mwalimu, hukutukaribisha?"

Ndipo mama mmoja akanieleza kwa upole kuwa kwenye boti za huku, chakula kikiwekwa karibu na mashine ni cha watu wote, na nahodha ndiye anayeanza. Chako kinakaa miguuni pako. Kumbe nilipoweka mfuko pale walisema kimoyomoyo, mwalimu huyu ana roho nzuri. Sikuona sababu ya kuwasahihisha. Baadaye kidogo mama huyo huyo akafungua sufuria yake, kaa wa kuchemsha na ndizi mbichi, akaiweka karibu na mashine. Nilikula kuliko ambavyo ningekula chapati zangu peke yangu.

Tulikaa pale tangu saa nne hadi saa nane. Kwa mpiga picha muda huo haukupotea. Kwenye tope yangeyange walikuwa wanatembea wakidokoa, na kila baada ya muda mmoja aliruka akatua kwenye tawi la mkoko lililoinamia maji. Nilipoteza picha nyingi kwa kuwakimbiza. Kisha nikakumbuka kuwa tawi halina mbio. Nikalilenga lile tawi, nikabonyeza nusu, kijani kikawaka, nikatulia. Yangeyange alipofika kutua, miguu mbele na mabawa wazi, nilimalizia kidole.

Kwa hiyo la pili ni hili: lenga mahali, ndege atakuja mwenyewe. Na usivute karibu mpaka mwisho. Mwachie ndege nafasi pande zote, maana ukibana sana utabaki na mkia.

Kassimu alitazama picha kwa muda. "Kwa hiyo unakwenda kwa Bi Mwanaidi," alisema. Huku habari hufika kabla ya boti. "Mimi sina upande. Nabeba mpunga wa Mzee Athumani na nabeba mikeka ya mama. Nikikosa kimoja, boti inaelemea."

## Jioni ya kwanza

Bi Mwanaidi alinipokea akiwa juu ya dungu lake. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa kwenye nguzo, juu ya mpunga. Msimu wa kuamia, yaani wa kulinda mpunga usiliwe na ndege, watu huhamia huko kabisa. Wanapika huko, wanalala huko. Ni mwanamke mwembamba, mikono mirefu, na macho yanayokupima kabla ya mdomo kukukaribisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu ananyonya?"

"Ananyonya sana."

"Basi panda. Angalia ngazi ya tatu, imelegea."

Akanipa wali wa nazi na samaki mkavu. Tulipokuwa tunakula akanionyesha kwa kidevu. Mbele yetu, upande wa jua linakotua, kichaka. Nyuma ya kichaka, shamba la Mzee Athumani na dungu lake. Kwenye kona ya dungu letu kulikuwa na bunda la ukindu uliokauka bila kuchanwa. Alisema hajaanza mkeka wowote tangu mwenyekiti atoe ile kauli. "Siwezi kuanza jambo nisilojua kama nitalimaliza."

Jua lilipokaribia kuzama ndege walikuja. Walitoka kila upande, wachache wachache, kisha mbingu yote ikawa inatembea. Nilipiga mpaka kidole kikafa ganzi. Kisha nikatazama nilichopata. Vidoti vyeusi kwenye mbingu ya machungwa. Picha nzuri za kutundika ukutani, lakini si ushahidi wa kitu. Hata mimi niliyekuwa pale nisingeweza kuapa ni ndege gani.

Nilijua kosa ni nini. Jua lilikuwa mbele yangu. Ndege akiwa kati yako na jua, kamera inaona kivuli chake tu. Nilipaswa kusimama upande wa pili, jua likiwa mgongoni. Na upande wa pili palikuwa na mahali pamoja tu pa kusimama, dungu la Mzee Athumani.

"Huyo hanisemeshi wiki tatu sasa," Bi Mwanaidi alisema. "Nenda ukamwombe kesho. Wewe hukumkosea."

## Alhamisi mchana, nilipomkosea

Kesho yake mchana Bi Mwanaidi alishuka kwenda kisimani, akaniachia shamba. Mimi ni mtu wa Singida. Nimekua nikifukuza kwelea kwenye mtama, kwa hiyo nilimwambia asiwe na wasiwasi. Haukupita muda, kundi la mnana, ndege wadogo wala nafaka, likashuka upande wa mpaka. Nikaona hapa napata mambo mawili kwa pamoja, nawafukuza na ninajizoeza kupiga ndege wadogo. Nikatayarisha kamera, nikavuta kamba iliyofungwa makopo ya kutishia ndege, nikapiga kelele. Wakaruka vizuri sana. Nikapiga. Wakavuka kichaka, wakashuka kwenye mpunga wa Mzee Athumani, na mimi nikakaa kutazama picha zangu.

Kwetu Singida kila mtu na mtama wake. Ukimfukuza ndege, umemaliza. Huku Maparoni hujamaliza. Huku ukiwainua ndege lazima umwite kwa jina yule wanayemwendea, ili awapokee wakiwa bado hewani. Sauti inatoka dungu hadi dungu mpaka ndege wachoke waende porini. Kumfukuzia mwenzako ndege kimya kimya ni sawa na kumtupia taka uani.

Mzee Athumani alikuwa anaswali adhuhuri. Alipomaliza, alikuta mnana wameshatulia kwenye mpunga kama wageni wa harusi. Akawafukuza, kisha akaja kwa kuzunguka kichaka, taratibu, fimbo mkononi. Alikuwa mzee mrefu, kofia nyeupe imekaa sawasawa. Bi Mwanaidi alikuwa amesharudi na ndoo.

"Mwalimu," alisema, bila kumtazama mwenyeji wangu. "Nimesikia umekuja kutafuta ukweli. Umeanza kwa kunitumia ndege, hata salamu yao hukunipa?"

Nilishuka ngazi nikamwamkia. Nilimweleza kuwa sikujua, na kwamba kutojua hakujamrudishia punje zake. Bi Mwanaidi akaingilia.

"Mgeni huyo. Mimi ndiye sikumwambia."

"Utamwambia nini wewe? Wewe mwenyewe huniiti. Tangu maneno haya yaanze ndege wananikuta nimekaa."

"Nani alianza kunyamaza, Athumani?"

"Nauliza, sijibu."

"Basi na mimi nimeuliza."

Nikaona wakiendelea hivyo Ijumaa itatukuta tumesimama palepale. Nikasema, "Babu, ndege nimewatuma mimi. Niruhusu nije nikuamie shamba mpaka jioni."

Akanitazama, akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni. Si mtu wa kudanganywa. Alijua ninataka nini zaidi ya kuamia.

"Njoo na hiyo mashine yako," alisema. "Lakini kwanza makopo."

## Dungu la Mzee Athumani

Nilikaa juu, yeye akakaa chini karibu na ngazi, akinipa amri kama mwalimu mkuu. Makopo ya kushoto. Sasa ya kulia. Usipige ovyo, watazoea. Alasiri kundi liliinuka kutoka kwetu likaelekea upande wa Bi Mwanaidi. Nikamtazama.

"Babu, niite?"

Akakuna kidevu. "Wewe ni mgeni wake. Ita."

Nikaita kwa sauti yote niliyonayo, "Bi Mwanaidi, haoo!" Ng'ambo ya kichaka makopo yakalia. Nilimwona Mzee Athumani amegeuza sikio.

Ilipofika saa kumi na moja, mwanga ulikuwa mgongoni kwetu na kichaka chote kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Upepo wa mvua nao ulitoka nyuma yetu. Hili ni la tatu, na ndilo kubwa kuliko yote: jua mgongoni na upepo mgongoni. Ndege anapotaka kutua hukabili upepo, maana ndio unaompunguzia mwendo. Upepo ukitoka nyuma yako, atakuja akiwa amekugeuzia uso, na polepole kuliko wakati mwingine wowote.

Niliweka kamera kwenye ile alama ya mtu anayekimbia, inayopiga picha kwa mfululizo. Nilitafuta mkindu mmoja ulioinamia upande wetu, nikaulenga kileleni, nikabonyeza nusu, nikangoja. Mkono wa kushoto niliuegemeza kwenye nguzo ya dungu.

Walikuja. Wa kwanza walipita chini juu ya mpunga wa mzee, wakipinda huku na huku, midomo wazi, bila kugusa suke hata moja. Nilimalizia kidole mara moja, mara kumi, nikiwaacha waingie wenyewe kwenye kile kilele cha mkindu. Sikuwafuata. Ilikuwa vigumu kutowafuata.

Mwanga ulipokwisha nilishuka. Mzee alisimama, akasogea ubavuni mwangu aone kioo. Picha nyingi hazikuwa na kitu. Matete, mbingu, bawa. Nikaendelea kusogeza. Kisha akatokea mmoja, karibu na kilele, ametanua mabawa. Bawa moja limefifia kwa mwendo, lakini mwili umesimama. Nikamvuta akawa mkubwa.

Mzee alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo. Kidole chake kikatua kwenye koo la ndege.

"Wekundu huu hapa," alisema. "Niliuona. Nikasema nimeuona, wakasema macho ya uzee."

Nikavuta zaidi.

"Uliuona kweli, babu. Upo. Lakini upo kooni na kwenye paji. Kwelea wekundu wake uko mdomoni, na mdomo wake mnene wa kuvunjia punje. Huyu tazama, mdomo wake hauonekani kabisa. Na mkia."

Mkia ulikuwa umegawanyika panda, ncha mbili nyembamba ndefu. Kwelea mkia wake ni mfupi kama uliokatwa.

Mimi ni mtu wa kueleza, mnanijua, lakini hapo niliuma ulimi.

"Umepiga ngapi?"

"Mia moja na kitu."

"Nionyeshe zote."

Nikamwonyesha zote, moja moja, hata za mbingu tupu. Hakutaka niruke. Kila palipokuwa na mkia unaoonekana aliniambia, "Simama hapo," akauangalia, akatikisa kichwa, "Endelea." Betri ikaanza kuwaka nyekundu. Ya mwisho ilipopita aliketi kwenye ngazi.

"Mbayuwayu," alisema. Kisha akaongeza, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi mwaka juzi niliumwa, mwalimu. Kila jioni wakija hawa, nilikuwa naliona shamba langu tupu."

"Mtu yeyote angeogopa, babu."

"Kwa mwenyekiti nitakwenda mwenyewe, usiku huu huu. Usiende wewe. Ukienda wewe watasema mgeni amesema. Mimi ndiye niliyesema kwelea, na mimi ndiye nitakayesema siyo." Akachukua fimbo, akasimama tena. "Lakini kwelea wanaweza kuja mwakani. Kichaka kimenisogelea sana. Nataka hatua chache zifyekwe upande wangu, nione kinacholala humo. Mwambie."

Nilirudi kwa kuzunguka kichaka, karibu nikimbie. Bi Mwanaidi alikuwa ameketi penye moto. Nikamnyooshea kamera, betri imebaki pumzi ya mwisho. Hakuitazama.

"Mimi niliwaona tangu mwanzo," alisema. "Amesemaje?"

"Amesema ni mbayuwayu. Amekwenda kumwambia mwenyekiti."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Ila anaomba hatua chache upande wake zifyekwe."

Akageuza samaki kwenye moto. "Ameomba au amesema?"

Nikafikiri. "Alisema, lakini kwa sauti ya kuomba."

"Hiyo ndiyo sauti yake ya kuomba. Haya, kula."

## Ijumaa

Baada ya swala hakuna aliyekuja na kiberiti. Mwenyekiti alipita, akaomba aione ile picha, lakini kamera ilikuwa imekwisha chaji na huku hakuna pa kuichajia. Akasema si neno, mwenye shauri ameshaliondoa shauri lake. Nimeshamtumia tangu nirudi.

Kassimu alikuwa amefika na maji yanajaa, na maji hayo nilishajua hayangoji mtu. Nilipokuwa nafunga mfuko wangu, Mzee Athumani alikuja peke yake na panga, akaanza kufyeka matete upande wake wa kichaka. Bi Mwanaidi alishuka dunguni, ngazi ya tatu akiiruka, akaenda kusimama karibu naye na kisu chake cha kukatia ukindu. Hawakusalimiana. Mzee alifyeka, naye mama akapita nyuma yake akichambua alichoangusha, makuti machanga yanayofaa akiyaweka kando. Kisha panga likasimama juu ya mkindu mmoja mdogo.

"Huo uache," alisema Bi Mwanaidi.

"Umevuka mpaka."

"Mti hautembei, Athumani. Mpaka wako ndio uliotembea."

"Nimepima kwa hatua."

"Hatua zako za ujana au za sasa?"

Kassimu aliniita kwa mara ya pili. Niliwaaga kwa mbali, wakanipungia mkono wote wawili bila kugeuza nyuso zao kutoka kwenye ule mkindu. Mzee aliuzunguka mara moja, akautazama kwa huku, akautazama kwa kule. Kisha akaushika kwa mkono, akausukuma ukainamia upande wa mama, na akaendelea kufyeka mbele yake.